Seol In-suk, Aliyepewa Miaka Kumi na Mitano

Marehemu Seol In-suk alizaliwa tarehe 3 Februari 1957 katika kijiji cha Hambat, nje kidogo ya mji wa Yeongju, mkoa wa Gyeongsang Kaskazini. Alikuwa binti wa kwanza wa marehemu Seol Jong-tae, mkulima wa matufaha, na marehemu mama Ki Bun-nyeo. Baba yao alitaka mtoto wa kiume, na alilisema hilo kila alipolewa, yaani mara nyingi. Miaka minne baadaye akazaliwa binti wa pili, Hye-suk, ndiye anayesoma wasifu huu. Mchungaji amemwomba asome kwa sauti ya upole. Kwa upande wa sauti, atajitahidi.

Alisoma shule ya msingi pale pale kijijini, kisha shule ya wasichana mjini Yeongju, akahitimu mwaka 1975. Wenye umri wake waliopo hapa watakumbuka jinsi wanafunzi walivyotakiwa kupeleka kinyesi shuleni ndani ya bahasha ili kipimwe minyoo. Darasa la nne, wavulana watatu wavivu walisahau, wakamwomba In-suk awagawie chake. Akawagawia. Majibu yaliporudi, wote wanne walikuwa na minyoo ya aina moja na kwa wingi ule ule, na mwalimu akawamezesha vidonge mbele ya darasa zima. Mmoja akalia kwamba ameonewa. In-suk akamwambia, "Umeonewa nini? Si ulitaka majibu bila kupimwa? Haya, ndiyo hayo."

Mwaka 1976 aliajiriwa posta kama opereta wa simu. Kwa miaka kumi na mmoja aliunganisha watu wa Yeongju na Seoul, na Busan, na wao kwa wao, akiwa na visikizio masikioni. Hakuwahi kutoa siri ya mtu. Ila ni pale alipojifunza kuwadharau watu, na alijifunza vizuri. Aliwasikia wakiapa kwa mama zao kwamba hawana pesa, kisha dakika tatu baadaye wakiagiza ng'ombe. Akirudi nyumbani alikuwa akimwambia mdogo wake, "Hye-suk, watu husikia wanachotaka, hata simu ikiwa safi."

Machi 1981 aliugua koo, ugonjwa wa siku mbili tu, wa kunywa maji moto na kwenda kazini. Siku ya tatu mkojo wake ulitoka na rangi ya chai ya shayiri iliyosahaulika jikoni. Mama yake alidhani ni uchovu. Daktari wa mjini aliona damu, akaona protini nyingi, akapima presha mara mbili kwa kutoamini, akamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa ya Daegu. Huko alichomwa sindano mgongoni, kikakatwa kinyama kidogo cha figo, akalazwa chali juu ya mfuko wa mchanga, akaambiwa asitikisike hadi kesho yake.

Katika wodi ya wanaume, upande wa pili wa korido, alilazwa kijana aliyechomwa sindano kama hiyo wiki hiyo hiyo. Pyo Gi-cheol, wa Yeongju, alikuwa anaomba kazi ya reli, na kipimo cha kuajiriwa kilikuta chembe za damu kwenye mkojo wake. Walifahamiana kwa kelele. Gi-cheol alikuwa akiimba akiwa amelala chali, naye In-suk akamtuma mdogo wake akamwambie kwamba kama anakufa afe, na kama hafi anyamaze. Gi-cheol akamjibu Hye-suk, "Mwambie dada yako nimenyamaza, lakini nataka kumwona mwenye mdomo huo."

Majibu yalitolewa na Daktari Ma, bingwa wa figo. Wote wawili walikuwa na ugonjwa mmoja. Kinga ya mwili iitwayo IgA, ambayo kazi yake ni kulinda koo na tumbo, ilikuwa imepotea njia na kujazana kwenye vichujio vya figo. Daktari Ma alichora mstari mmoja juu ya karatasi, ukaenda karibu sawasawa hadi mwisho. "Huu ni wa bwana Pyo. Protini kidogo, presha nzuri, vichujio havina makovu. Wengi wa namna hii huzeeka na figo zao." Akachora wa pili, ukashuka kama mtu anayeteleza kwenye ngazi. "Huu ni wako, dada. Makovu yapo tayari. Katika watu kumi wenye majibu kama yako, sita watakuwa kwenye mashine ya kusafisha damu ndani ya miaka kumi na mitano."

Hye-suk alikuwa chumbani na aliyasikia maneno hayo kama yalivyosemwa. Sita katika kumi. Wale wanne daktari hakuwataja tena, na hakuna aliyemuuliza. Walipokuwa ndani ya basi wanarudi, mama yao alikuwa tayari anasema "baada ya miaka kumi na mitano". Jumapili kanisani ikawa "hawezi kuzaa". Kufikia Jumatano, huko nyumbani kwa akina Pyo, Seol In-suk alikuwa mwanamke asiye na figo kabisa.

Habari ilifika huko kwa sababu ile sauti ya korido ilikuwa imegeuka kuwa matembezi ya jioni kando ya mto. Ulipofika mwaka 1982 Gi-cheol alikuwa ameajiriwa reli na alitaka kuoa. Mama yake alikuja Hambat na sanduku la peasi, akakataa kuingia ndani, akaongea akiwa amesimama uani.

"Mama In-suk, binti yako ni mzuri, sikatai. Lakini mwanangu ana cheti cha daktari kwamba atazeeka. Wako ana cheti cha nini? Mimi siwezi kupokea jeneza nikaliita mkwe."

Mama wa wale mabinti wawili, ambaye hakuwahi kupandisha sauti maishani, aliliweka sanduku la peasi barabarani, polepole, ili lisiharibike. Ni In-suk aliyejibu, kutoka dirishani. "Mama, jeneza haliombi ndoa. Mwanao ndiye anayebisha hodi hapa kila jioni. Mwambie yeye."

Walifunga ndoa tarehe 16 Oktoba 1983, katika kanisa hili hili. Mama mkwe hakuja. Kaka mkubwa wa bwana harusi, Pyo Gi-beom, alikuja kuiwakilisha familia, akala bakuli mbili za tambi, akaondoka kabla ya picha. Kwa hiyo hayumo pichani, na watu wamekuwa wakimtafuta bure kwa miaka arobaini.

Madaktari walimshauri asizae. Alizaa. Si kwa ujinga. Aliwauliza hatari ni ipi, wakamwambia, akafikiri kwa mwaka mzima. Presha ilipanda mwezi wa saba wa mimba, na binti yake Da-jeong alitolewa kwa upasuaji tarehe 9 Mei 1986, mdogo kiasi cha kulala kwenye sanduku la viatu. Figo za In-suk zilishuka hatua moja pale na hazikupanda tena. Da-jeong alipokuwa na miaka kumi na sita na akasema kwa hasira kwamba hakuomba kuzaliwa, mama yake alimwambia, "Kweli, hukuomba. Niliomba mimi, na nililipa mimi. Maliza wali."

Baada ya simu za Yeongju kuanza kujiunganisha zenyewe, posta ilimpunguza kazini mwaka 1987. Alibaki nyumbani akipika. Hapo ndipo nyumba moja ilipogawanyika kuwa mikoa miwili. Upande wa In-suk wa meza ulikuwa na wali, mboga za kuchemsha, na supu ambayo mama mkwe, siku alipolainika na kuanza kuwatembelea, alisema kwamba chumvi imepita tu hapo nje ya dirisha. In-suk alimeza vidonge vya presha kila asubuhi, na kila baada ya miezi mitatu alipanda basi kwenda kupimwa. Upande wa Gi-cheol ulikuwa na samaki vibua wa chumvi, kimchi ya kabichi iliyochachushwa miaka miwili, pombe ya mchele na sigara. Akiambiwa aende kupimwa alicheka. "Mama Da-jeong, mimi nilishafaulu. Mtu akifaulu mtihani anarudi tena darasani kufanya nini?"

Alisema hivyo kwa miaka kumi na minane. Ndugu zake walilisema pamoja naye, kwenye kila sikukuu, huku wakimwangalia In-suk kwa jicho la kuhesabu. Miaka kumi na mitano ilipotimia, mwaka 1996, mama mkwe alimpigia simu kuuliza hali yake. Hakuwahi kupiga simu kwa sababu hiyo kabla. In-suk akamjibu, "Mzima, mama. Samahani kwa usumbufu."

Novemba 1999 Gi-cheol alianza kutapika asubuhi. Alisema ni kibua mbovu. Miguu ikavimba hadi viatu vya kazini vikakataa kuingia. Hospitali walipompima hawakuchora mstari wowote, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuchora. Figo zote mbili zilikuwa zimekwisha. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Aliwekwa kwenye mashine usiku ule ule.

Aliporudi nyumbani alikaa sakafuni akalia, akamwambia mkewe kwamba amemkosea. In-suk alimwangalia. Alikuwa na haki ya kusema mengi, na mdogo wake, aliyekuwa jikoni, alikuwa anayasubiri kwa hamu. In-suk akasema, "Usiniombe msamaha. Vaa viatu vya mpira, vitakuingia. Kesho kutwa tunarudi kule."

Yeye asingeweza kumpa mumewe figo. Mtu mwenye ugonjwa ule hatoi. Mama mkwe, akiwa na miaka sabini na mitatu, alijitolea, akakataliwa kwa umri, akalia sana hospitalini hadi wauguzi wakamhurumia. Hilo na lisemwe hapa, maana ni haki yake. Kaka mkubwa, Gi-beom, alipimwa, na damu yake ikalingana na ya mdogo wake kwa kila namna. Familia ikakutana siku ya shukrani ya mavuno, mwaka 2000, wakasubiri aseme. Gi-beom alikuwa ameshachaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Alijifuta midomo.

"Nimeomba kwa siku arobaini," akasema. "Bwana amenionyesha kwamba si mapenzi yake."

In-suk ndiye aliyekuwa anamenya peasi.

"Shemeji," akasema, "umeogopa?"

"Sijasema nimeogopa. Nimesema nimeonyeshwa."

"Ungesema umeogopa ningekumenyea peasi hili, ukala, yakaisha. Kisu kinatisha, na figo ni zako. Hakuna mtu anayekudai. Lakini usimtume Bwana akuombee udhuru. Siku nyingine akitaka kutuletea ujumbe, mwambie apite kwa mtu mwingine."

Tangu siku hiyo alimwamkia Gi-beom kwa adabu zote zinazomstahili kaka wa mume, akamwinamia, akampakulia wa kwanza, na kila mtu mezani alijua ile adabu ilikuwa ni kitu gani. Mzee Gi-beom amekaa leo safu ya pili. Aliusoma wasifu huu jana jioni, akaambiwa anaweza kufuta asichokubaliana nacho. Amerekebisha mahali pamoja tu. Siku za maombi hazikuwa arobaini. Zilikuwa tatu.

Mumewe alihitaji mashine kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa saba mchana, katika hospitali iliyo mwendo wa nusu saa. In-suk alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka arobaini na tatu, akafeli mara mbili, akafaulu, na mwaka 2001 akapata leseni ya teksi. Alimshusha mumewe, akatafuta abiria kwa saa nne, akarudi kumchukua. Abiria walevi aliwashusha mbele ya kituo cha polisi. Wanaume waliomuuliza kwa nini mwanamke anaendesha teksi aliwajibu, "Kwa sababu wewe umekaa nyuma." Mama mkwe alipopooza, In-suk alimchukua akamuuguza miaka mitano, akamlisha ile supu isiyo na chumvi mpaka mwisho. Bibi yule alilalamika kila siku na alimaliza bakuli kila siku.

Mwaka 2009, msimu wa matufaha, mzee mmoja mwenye kofia alipanda teksi yake pale stesheni, akitaka kwenda kuona mashamba. In-suk alimtambua kwenye kioo kabla hajafunga mlango. Alikuwa Daktari Ma, amestaafu. Alimwendesha hadi nje ya mji ndipo akasema.

"Profesa, mwaka themanini na moja ulinichorea mstari."

Mzee hakumkumbuka. Aliuliza majibu yalikuwaje, akaambiwa. Akauliza figo zikoje sasa. In-suk akamwambia zinafanya kazi zaidi kidogo ya nusu. Mzee akavua kofia. Kisha akaulizia yule mwingine, wa mstari uliokwenda sawasawa, akaambiwa yuko kwenye mashine mwaka wa kumi huu.

"Alikuwa anapimwa?" akauliza.

"Kwa nini apimwe? Ulimwambia atazeeka."

"Nilisema wengi huzeeka. Na nilimsema mtu niliyempima siku ile, si mtu atakayekuwa baada ya miaka kumi. Ilibidi arudi tumtazame upya." Akageukia dirisha. "Na hata angerudi, hata angekula kama wewe, huenda zingekufa tu. Siku hizi wana kompyuta, unaweka umri, presha, protini, makovu, inakupa hesabu nzuri kuliko mistari yangu. Lakini nayo haimjui mtu. Mimi sikukuchora wewe, dada. Nilichora watu kumi wanaofanana na wewe."

"Basi ungewaita hao kumi uwaambie," In-suk akasema. "Kitandani nilikuwa peke yangu."

Walipofika, Daktari Ma alishuka, akaja upande wa dereva, akainama kama watu wanavyoinama msibani, na hakunyanyuka haraka. In-suk alimsimulia mdogo wake jioni hiyo, na akasema jambo ambalo Hye-suk hakulitarajia. "Yule mzee alisema kweli tangu mwanzo. Sita katika kumi. Nimemdharau bure." Hivyo dharau yote aliyokuwa amemtunzia daktari kwa miaka ishirini na minane akaihamishia kwa wale waliosikia vibaya, nao tayari walikuwa na ya kwao.

Machi mwaka huu wa 2024 macho yake yaligeuka manjano. Ilikuwa saratani ya kongosho, ugonjwa ambao hakuna mtu aliyewahi kumtabiria. Daktari kijana alipofungua mdomo kueleza imebaki miezi mingapi, In-suk aliinua mkono. "Nyamaza, mwanangu. Niambie tu nitaendesha gari mpaka lini." Akaambiwa aache siku hiyo hiyo.

Kesho yake alimwita Gi-beom. Mzee alifika na sanduku la peasi, akasimama miguuni pa kitanda, akafumba macho ili aanze maombi.

"Shemeji, weka peasi chini, ufumbue macho. Utaomba ukiwa unaendesha. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Saa saba awe ameshafika. Usimfungulie redio, akitoka pale kichwa kinamuuma. Na usimnunulie samaki hata akikulilia."

"Mama Da-jeong, nina miaka sabini na mitatu. Mgongo wangu…"

"Gari linaendeshwa kwa kukaa. Kisu hakimo."

Hye-suk alikuwapo, na anashuhudia kwamba Mzee Gi-beom alikaa kwenye kiti, akatazama sakafu, kisha akasema kwa sauti ambayo kanisa hili halijawahi kuisikia, "Niliogopa, shemeji. Mwaka ule. Niliogopa kisu."

"Najua," In-suk akasema. "Nimenyee peasi basi."

Akamenya. Maganda yalikuwa mazito. In-suk hakuweza kula wakati huo, lakini alishika kipande cha peasi mkononi mpaka Gi-beom alipoondoka. Jumatatu iliyofuata Gi-beom alichelewa robo saa, na In-suk, kutoka kitandani, akampigia simu huko njiani. Hajachelewa tena.

Jumatano tarehe 12 Juni hali yake ilikuwa mbaya tangu alfajiri. Gi-cheol alikataa kwenda hospitali yake. Alishikilia chuma cha kitanda kama mtoto. In-suk alifumbua macho. "Nenda," akasema. "Mimi naweza kukusubiri au nisikusubiri. Damu yako haiwezi." Gi-beom akamshika mdogo wake mkono, akamtoa. In-suk alifariki saa tisa na dakika kumi mchana, akiwa na miaka sitini na saba, mumewe akiwa amefungwa kwenye mashine mwendo wa nusu saa kutoka hapo. Muuguzi aliyemsafisha alisema mfuko wake ulikuwa na mkojo, wa rangi ya kawaida. Figo zake zilifanya kazi mpaka mwisho. Hye-suk aliomba kuuona mfuko huo, akauona, akalia kwa mara ya kwanza.

Marehemu ameacha mume, Pyo Gi-cheol, aliyetabiriwa kuzeeka na ambaye kweli amezeeka, ingawa si kwa njia ile. Binti, Pyo Da-jeong, na mkwe. Mjukuu mmoja, Ha-ram, mwenye ulimi tunaoujua ulikotoka. Mdogo wake, Seol Hye-suk. Na shemeji, Mzee Pyo Gi-beom.

Familia inawashukuru waliofika, hata wale waliofika kuhakikisha. Chakula kimeandaliwa ukumbini, nacho kina chumvi kidogo sana. Asiyependa ana haki ya kwenda kula kwake. Ibada ya kaburini itakuwa fupi na mchungaji amekubali, kwa sababu leo ni Ijumaa, na ifikapo saa sita Gi-cheol lazima awe ndani ya gari. Kaka yake ameshaligeuza, limeelekea barabarani.

Seol In-suk na alale kwa amani. Tusiokufa tuwahi.